Nilikuwa Jikoni Naponda Barafu

Nilikuwa nimefunga barafu ndani ya taulo ya jikoni, naiponda kwa mchi, sauti za sebuleni ziliponyamaza.

Mezani walikuwa watu tisa, na watu tisa wa ukoo wetu hawanyamazi kwa pamoja bila sababu. Nilisita, mchi umesimama hewani. Kisha nikakumbuka gilasi nne bado zinangoja, nikaendelea. Nikakata ndimu robo robo, nikatia sukari, nikazikandamiza kwa kijiti, nikamimina vodka, nikajaza barafu, nikazungusha asali. Nilipotokeza na sinia, wifi yangu alikuwa anajifuta macho kwa pindo la leso. Mume wangu alikuwa ameinamia sahani. Kaka yangu mkubwa, baharia, aliyerudi Mombasa siku nne tu kabla ya hapo baada ya miezi tisa melini, alikuwa ameegemea kiti kama mtu aliyetua mzigo.

"Kuna nini?" niliuliza.

"Nilikuwa nawaeleza habari za baba," akasema. "Ule usiku wa mwisho."

Baba alituacha miaka 11 iliyopita. Usiku ule alikuwa na kaka peke yake. Tangu hapo kaka hakuwahi kuutaja, nasi hatukumwuliza, kwa kuwa kila mtu ana mahali anapouweka msiba wake. Jioni ile aliufungua mwenyewe, bila kuombwa, nyumbani kwangu, mezani kwangu.

Mimi nilikuwa jikoni naponda barafu.

## Vipande

Keshokutwa yake kaka alipanda Wundanyi kuangalia shamba. Nilimpigia simu. Akaniambia maneno yale hayapitiki kwenye simu. Alisema kwa upole, lakini nilielewa kwamba mlango ulifunguka mara moja na mimi sikuwepo.

Nikaanza kukusanya vipande. Mume wangu alikumbuka kwamba baba aliomba dirisha lifunguliwe. Wifi alikumbuka kwamba baba aliuliza kama meli imefunga gati. Baba alifanya kazi bandarini Kilindini miaka 30 na ushei, huenda alidhani yuko zamu. Mama mdogo hakutaka kusema kitu, alinishika mkono tu.

Dirisha na gati. Nilikaa na vitu hivyo viwili siku nyingi, nikivipanga huku na huku, nikashindwa kupata sentensi ya kuviunganisha.

Na kila nilipojiuliza nilikuwa wapi, jibu lilikuwa moja: nilikuwa nawakirimu.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na miaka yote nimelichukua kama maneno ya kumpokea mtu mlangoni, kama vile karibu na starehe. Wiki zile ndipo nilipolisikiliza. Mwenyeji atapona vipi, ikiwa mgeni amekuja na dawa yake mdomoni, anaitoa sebuleni, na mwenyeji yuko ng'ambo ya ukuta na kelele za mchi?

## Sahani kwa sahani

Kinywaji nilichokuwa natengeneza ni dawa, kokteli iliyopata umaarufu Nairobi kwenye mgahawa wa Carnivore: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichoviringishwa asali. Naipenda. Ndimu na asali ndivyo mama alivyotunywesha tukiwa na mafua, kwa hiyo ulimi wangu unaikubali kabla sijaifikiria. Nilijifunza kuitengeneza moja moja, kila mtu na yake, na niliamini kabisa kwamba huko ndiko kumheshimu mgeni.

Nikapiga hesabu. Gilasi moja yanichukua kama dakika nne. Gilasi tisa, mizunguko miwili: saa moja na dakika 12. Wageni wangu huwa hawakai zaidi ya saa tatu kwa jumla.

Sasa fikiria pilau. Hakuna mtu Mombasa anayempikia mgeni pilau sahani kwa sahani, akikaanga kitunguu upya kila anapoingia mtu. Sufuria inafunikwa, inatiwa makaa juu, wali unajiiva wenyewe, na mpishi anaoga, anavaa, anakaa. Hakuna aliyewahi kusema pilau hiyo imemvunjia heshima kwa kuwa ilipikwa hajafika.

Na vinywaji vyetu wenyewe vilikuwa hivyo siku zote. Mama aliloweka ukwaju usiku wa kuamkia Krismasi. Asubuhi anaukamua, anauchuja, anatia sukari na tangawizi, jioni kazi ni kumimina tu. Sharubati. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu cha kunywa, na mzizi huohuo ulisafiri hadi Ulaya ukazaa jina la shira kwa Kiingereza na jina la barafu ya matunda kwa Kifaransa. Hata panchi, ile bakuli kubwa ya pombe, maji, sukari, ndimu na viungo ambayo mabaharia wa Kiingereza waliizoea Bara Hindi katika karne ya 17, wengi husema jina lake ni paanch, yaani tano kwa Kihindi: vitu vitano, chombo kimoja, watu wote mara moja. Bahari hii yetu ilijua zamani kuchanganya kabla mgeni hajabisha hodi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.

Nikaamua karamu itakayofuata sitashika mchi.

## Maji

Nilichukua vipimo vya gilasi moja nikavizidisha kwa 12. Vodka mililita 50, maji ya ndimu 25, shira ya asali 20. Nikatia chupani, nikaweka kwenye friji asubuhi, na siku nzima nikawa kila nikifungua friji nazitazama zile chupa kwa raha. Jioni nikamimina juu ya barafu, nikakaa mezani na watu.

Binamu yangu alionja, akaiweka chini. "Yaunguza," akasema.

Wengine walikunywa kwa heshima, na heshima hiyo ikawagharimu. Kabla wali haujafika mezani wawili walikuwa wamekwisha lewa, na mmoja ilibidi mume wangu ampeleke kwao kwa tuktuk, akasimama pale mpaka mlango ukafunguliwa. Mtu alikuja kwangu kula, akarudishwa kwao bila kula. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Vitu vilikuwa vilevile. Vipimo vilevile. Ukali ulitoka wapi?

Siku ya pili, nyumba ikiwa tupu, nilitengeneza gilasi moja kwa njia ya zamani. Nikaikoroga na barafu iliyopondwa hadi gilasi ikatoka jasho, nikaichuja, nikaipima kwa kile kikombe cha kupimia unga.

Ziliingia mililita 95. Zikatoka karibu 125.

Mililita 30 za maji, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia ni kiungo. Barafu haipozi bure. Inapoza kwa kuyeyuka, na kile kilichoyeyuka kinakuwa sehemu ya kinywaji. Karibu robo ya kile ambacho wageni walikuwa wakikisifu miaka yote ni maji. Nilipochanganya chupani bila barafu, robo hiyo haikuwepo. Nilikuwa nawapa kinywaji chenye kilevi cha asilimia 21, wakati walichozoea kilikuwa na 16. Barafu niliyoweka kwenye gilasi haikupata muda wa kufanya kazi yake, kwa kuwa chupa yenyewe ilikuwa imeshapoa, na kitu baridi hakiyeyushi barafu haraka.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1806, gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, liliulizwa na msomaji wake kokteli ni kitu gani. Mhariri akajibu kwa vitu vinne: kileo cha aina yoyote, sukari, maji na vichungu, yaani matone ya mitishamba michungu. Maji yamo. Yametajwa kwa jina lake, yamesimama safu moja na kileo. Nililisoma jibu hilo mara mbili tatu. Zaidi ya miaka 200 iliyopita mtu aliandika waziwazi kile nilichokuja kukigundua kwa kikombe cha unga.

Kwa hiyo sasa, kwa watu 12, natia vodka 600, ndimu 300, shira ya asali 240, na maji 360. Inatimia lita moja na nusu, chupa mbili za kawaida. Maji nayachagua kama navyochagua ndimu: ya kisima cha jengo letu yana chumvi, na chumvi hiyo unaisikia. Chupa zinalala kwenye friji, si kwenye friza. Vodka kavu ya asilimia 40 haigandi katika friza ya nyumbani, lakini ukishaipunguza kiasi hiki inageuka uji wa barafu, na uji haumiminiki. Gilasi nazo nazitia baridi. Na nikiweka barafu ni bonge moja kubwa, lililogandishwa kwenye kikopo, kwa sababu kwa joto letu la kaskazi barafu ndogo inakwisha mtu hajamaliza salamu, na maji yake nimeshayatia tayari.

Kingine: onja ikiwa baridi. Kinywaji kilichokuwa kitamu sawasawa juu ya meza ya jikoni, kikitoka friji utamu wake umepungua.

## Ndimu haingoji

Shira inakaa wiki. Vodka haina haraka. Ndimu ndiyo isiyokubali. Maji niliyoyakamua Ijumaa usiku, Jumamosi jioni yalikuwa na uchungu wa nyuma ya ulimi, na ile harufu inayofanya mtu afumbe macho imekwenda zake. Nakamua siku yenyewe, alasiri, kwa mkono, bila kulisaga ganda. Asali nayo ukiitia kwenye kitu baridi inalala chini ya chupa. Naiyeyusha kwanza kwa maji ya moto, kiasi kwa kiasi, kisha naiacha ipoe. Chenye gesi kinafunguliwa wakati wa kumimina, si kabla.

Ukwaju ndio uliostahimili. Ukali wake hauruki kama harufu ya ndimu. Uliolala usiku kucha kwenye friji pengine ni mzuri kuliko wa asubuhi. Naununua Marikiti, ule wa mabonge wenye kokwa zake, naupa maji ya vuguvugu na subira. Nikajiambia, mbona niihangaikie ndimu? Si nichanganye vodka na ukwaju siku moja kabla, nimalize?

Wazo hilo ndilo lililonikosesha usingizi baadaye.

## Majagi mawili

Jirani yetu wa ghorofa ya chini ni mama mtu mzima, mjane, mwenyeji wa Mombasa tangu mababu. Namwita khala. Siku tuliyohamia Tudor, miaka minne iliyopita, ndiye aliyetuletea chai na mbaazi tukiwa tumekaa juu ya maboksi. Sijawahi kufanya karamu bila kumwalika, naye hajawahi kukosa. Anakula, anawauliza watoto masomo, na mwendo wa saa mbili kasoro anaaga.

Jioni hiyo niliweka majagi mawili ya kioo juu ya kabati, kila mtu ajimiminie. Moja ukwaju mtupu. Moja ukwaju na vodka. Rangi moja. Lile la pombe nililitia vipande vya ndimu ili lijulikane, nikamwambia kila mtu mzima alipoingia. Sikumwambia mpwa wangu wa miaka tisa. Yeye aliona jagi moja limependeza na lingine halikupendeza, akaenda jikoni, akakata ndimu kwa uangalifu, akalipamba la pili.

Nilikuwa nimekaa, nasikiliza habari za ugomvi wa ploti Mtwapa, nilipomwona khala anainuka, anajimiminia, ananyanyua gilasi.

Alimimina kutoka jagi la kushoto.

"Khala, hiyo siyo!"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu wote wakageuka. Gilasi ilikuwa imefika kidevuni. Akaishusha polepole, akaiweka juu ya kabati, akaitazama, akanitazama mimi. Hakuuliza kitu. Akaenda akanawa mikono, akarudi akaaga watu mmoja mmoja, akashuka ngazi.

Hakunywa.

Nililirudia neno hilo usiku ule mpaka adhana ya alfajiri. Hakunywa. Lakini mimi ndiye niliyeipanga meza ambayo kitu pekee kilichomtenga mama yule na haramu yake kilikuwa vipande vya ndimu. Na nilijua pia kwamba zamani, nilipokuwa nampa kila mtu gilasi kwa mkono wangu, jambo hili lisingeweza kutokea. Nilifikiria kwa dhati kurudi kwenye mchi. Labda zile dakika nne nne ndizo zilizokuwa ulinzi, nami nikaziona kuwa hasara.

## Sahani haikurudi tupu

Asubuhi nilishuka. Nilikuwa na sahani yake tangu harusi ya mjukuu wake. Nikaijaza mahamri, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu.

"Shikamoo, khala."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Nikaanza kumwomba radhi kabla sijakaa. Aliniacha niseme yote hadi nikaishiwa.

"Hukukusudia," akasema. "Na Mungu kanistiri. Hilo limepita." Akanimiminia chai. "Lakini maadamu umekuja, n'takwambia jingine. Meza inywewayo ile kitu, mimi sikai. Miaka yote hii naja kwako, nala, nikiona chupa zaanza kutoka, naondoka."

Nilishindwa kupata la kusema. Nilikuwa nimemwona akiondoka mara zisizohesabika, na kila mara nilikuwa na sababu yangu tayari.

"Nilidhani ni Isha," nikasema.

"Isha ina wasaa, mwanangu. Hata saa nne naiswali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Hukuwa ukikaa."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa, na ndiyo maana liliniingia. Nilikuwa nimeshuka nikidhani nimemkosea jioni moja. Kumbe kwa miaka minne mtu ninayempenda alikuwa anainuka mezani kwangu kabla hajataka kuinuka, ananiaga kwenye mlango wa jikoni, nami namjibu bila kugeuka, mikono yote imelowa barafu. Kaka sikumsikia. Khala nilikuwa namsikia kila wiki chache akisema kwaheri, na sikumsikia.

Swali la mchi lilikwisha pale pale juu ya kiti chake. Dakika zile nne nne hazikuwa zinamlinda mtu. Zilinificha tu nisione.

Nilimwuliza kama angependa niache kuweka pombe siku anazokuja. Sikuwa namwuliza kwa adabu tu. Angesema ndiyo, ningeacha. Akafikiri kidogo, akikunja pindo la buibui.

"Nyumba ni yako na mumeo, na hao ni ndugu zako," akasema. "Mimi nataka nijue tu, nikae mpaka lini, niinuke lini. Na gilasi yangu isiwe imepita huko."

## Juu na chini

Niliporudi kwangu nilikuwa na wasiwasi mwingine. Nikizificha chupa mpaka aondoke, si nitakuwa namhadaa? Nililigeuza wazo hilo siku kadhaa, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye matatu. Mwishowe niliona kwamba udanganyifu ulikuwa ule wa mwanzo, wa kumweka mtu mezani bila kumwambia meza hiyo itageuka kuwa nini na saa ngapi. Sasa anajua. Alichoomba ni mpaka ulio wazi.

Na mpaka huo hauwezekani kwa kinywaji cha papo hapo. Ningekuwa nakata ndimu za vodka jikoni huku yeye anakula upande wa pili. Kinywaji kilichotimia tangu alasiri, chenye maji yake ndani, kilichofungwa chupani, hakidai chochote mpaka saa yake ifike.

Ukwaju sasa ni wa wote na hautiwi kitu, siku zote, nyumbani kwangu. Ndio unaokaa mezani. Dawa inakaa chupani, rangi yake ya asali, haifanani na kitu kingine chochote katika nyumba. Ina gilasi zake, fupi na nene, nilizonunua makusudi. Haziingii kwenye kabati la sebuleni na zinaoshwa peke yake. Hainywewi chini. Inanywewa juu, kwenye paa tunapoanika nguo, baada ya chakula, na wanaotaka. Mwenye gari la kuvuka daraja kwenda Nyali anapewa ukwaju huko huko juu mpaka mwisho.

Mume wangu alisita. Kaka, alisema, amezoea gilasi moja kabla ya kula. Nikamwambia kaka atangoja.

Akangoja.

## Jumamosi ya juzi

Masika yalikuwa yameshaanza. Kaka aliteremka kutoka Wundanyi na gunia la ndizi na viazi. Wiki inayofuata anapanda ndege kwenda kukutana na meli. Watu walifika baada ya Maghrib. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, na majagi mawili ya ukwaju ambayo mpwa wangu aliruhusiwa kuyapamba apendavyo.

Nilikaa. Mwanzo ilikuwa vigumu, mwili wangu ulikuwa unasikia kuna kitu nimekisahau motoni. Kila nilipotaka kuinuka nilikumbuka hakuna kilichobaki cha kufanya. Nilimsikiliza mama mdogo akieleza maumivu ya goti lake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na niligundua ni hadithi ndefu inayohusu feri ya Likoni na mwanamume mmoja mwenye huruma.

Isha ikaadhiniwa. Khala hakuinuka. Marehemu mumewe alikuwa nahodha wa majahazi, na khala mwenyewe alikuwa ameanza kumhoji kaka: meli zenu za chuma, kusi mwaijua au hamwijui? Kaka akacheka, akasema meli haiijui lakini tumbo la baharia linaijua. Khala akasema mumewe akitoka na kusi alikuwa hali siku mbili. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja mumewe. Walikwenda hivyo, yeye na kaka, bandari kwa bandari, hadi saa tatu na nusu.

"Sasa n'ende nikaswali," akasema.

Nilimsindikiza ngazi zote hadi mlangoni pake. Tulisimama kidogo. Akanishika bega, akaingia.

Nilipopanda nilizitoa chupa friji, nikawapita watoto waliokuwa wamelala kwenye zulia, nikaenda juu. Tulikuwa wanne: mume wangu, wifi, kaka na mimi. Mvua ilikuwa imekatika na sakafu ya paa bado mbichi. Hakukuwa na kukata, kukandamiza wala kuponda. Kumimina gilasi nne kulichukua muda wa kutaja majina manne.

Nilikuwa nimejiapiza sitamwuliza.

Tuliongea habari za meli yake mpya, na mpishi wa meli ya zamani aliyetia sukari kwenye kila kitu. Wifi akasinzia kwenye kiti. Mume wangu akashuka kuwafunika watoto. Kaka alitazama upande wa Kilindini, kule anga linapokuwa jeupe kwa taa za bandari, akatazama kwa muda mrefu.

"Aliuliza kama imefunga gati," akasema. "Walikwambia hilo?"

"Waliniambia. Na dirisha."

"Dirisha lilikuja kwanza." Akasogeza gilasi yake. "Niongezee kidogo."

Chupa ilikuwa karibu na mguu wangu. Nilimmiminia nikiwa nimekaa.